Mito ya Sufi kwenye Barza ya Rwambuzi

Siku tuliyomzika mama mdogo Leontina, mchungaji alisimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa mwanamke wa subira. Watu wakaitikia amina. Mimi, kama dada yangu asingenishika mkono, ningebisha palepale mbele ya jeneza. Subira! Niliishi naye mwaka mzima katika nyumba yake ya Rwambuzi, mjini Bunia, wakati wa vita, nikiwa na miaka kumi na minane, na sikuwahi kumwona akisubiri hata maji yachemke bila kuyagombeza. Yule alikuwa mbishi. Alibishana na vumbi, na mvua, na mchwa, na shemeji yake, na wanaume wenye bunduki, na silaha yake katika ubishi wote huo ilikuwa viti sita vya barazani, meza moja fupi, mito na zulia. Anayetaka kumsifu amsifu kwa hilo. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mwaka ule, nina nyumba yangu Kisangani na viti vyangu vya plastiki visivyodai chochote, na bado nikipita barazani kwa watu nikaona mto umeachwa juani upande uleule wiki nzima, mkono unaniwasha niugeuze.

Nilipelekwa kwake kumsaidia kazi baada ya mumewe, Papa Kambale, kusafiri. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa kuja kama sisi sote, kutoka miji ya Kivu ya Kaskazini. Aliondoka asubuhi kwenda Fataki na marobota yake, akasema atakaa siku nne. Siku ya tatu barabara ikafungwa nyuma yake. Watoto wao wawili walikuwa wameshapelekwa Beni kwa bibi yao, kwa hiyo nyumba nzima ilibaki na wanawake wawili na barza. Huko kwetu barza ndilo jina la veranda, na ile ya mama mdogo ilikuwa ndefu, ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ikang'aa, yenye nguzo nne na bati lililotokeza mbele. Viti vilikuwa vya kekele, ule mtambaazi wa porini unaopindwa kwa moto na kusukwa. Kila kimoja kilikuwa na mto wa kukalia na mto wa mgongo, umejazwa sufi, umevikwa kitenge cha rangi ya bluu yenye ndege wadogo. Katikati palitandazwa zulia ambalo mama mdogo alilisuka mwenyewe kwa vipande vya vitenge vilivyobaki dukani. Kiti cha mwisho upande wa kulia, chenye mikono mipana, kilikuwa cha Papa Kambale. Hakuna mtu aliyekikalia.

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kufagia na kabla ya chai, ilikuwa kuvitoa viti. Naitaja kama nilivyofundishwa. Kwanza kitambaa kibichi kidogo, si cha kutiririka maji, kwa maana kekele ikilowa sana inaoza na ikikauka sana inapasuka. Halafu mswaki wa zamani, kutoa vumbi jekundu lililoingia kwenye misuko. Mara moja kwa wiki maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na penye doa la ukungu, nusu ya limau. Chini ya kila mguu kifuniko cha kopo chenye tone la mafuta ya taa, ili mchwa wasipande. Mito inageuzwa kila siku, leo upande huu, kesho upande ule, jua lisile rangi upande mmoja. Saa sita jua linapokuwa kali inarudishwa kivulini. Zulia linapigwa kwa fimbo juu ya ua, uso ukiangalia chini. Nilidhani ni wazimu. Risasi zilisikika upande wa uwanja wa ndege na huyu mwanamke ananiita nirudi kupiga mswaki mguu wa kiti.

"Mama mudogo, batu bote banaficha bitu," nilimwambia wiki ya kwanza. "Siye tunatoa inje."

"Angalia ile nyumba," akajibu, akanionyesha kwa kidevu nyumba ya ng'ambo. Wenyewe walikuwa ndani, tuliwaona wakichungulia, lakini barza yao ilikuwa tupu, wameingiza kila kitu. "Unaona nini?"

"Haiko mutu."

"Ni vile na bale bengine banaona. Nyumba yenye haiko na kiti inje, haiko na mwenyewe. Kesho batakuya kutoa mulango. Kesho kutwa, manjanja."

Manjanja ni mabati. Na ikawa hivyo, si kesho kutwa, ila kabla ya mwezi kwisha. Mwaka ule mji ulibadilisha wakubwa mara nyingi hata tukaacha kuuliza ni nani sasa. Sisi watu wa kuja tuliambiwa hatuna upande, na asiye na upande alipata kipigo kutoka pande zote. Watu walitembea wakiangalia barza za wenzao kabla ya kuangalia nyuso. Nilikuwa nawasikia wakipita njiani: kwa fulani wamehama, kwa fulani wapo bado, kwa Mama Leontina wapo, si unaona mito. Nilianza kuelewa. Nikaanza pia, niseme ukweli, kuvipenda viti vile kwa hasira, kama mtu anavyompenda ndugu yake anapomwona anachokozwa.

Siku moja adhuhuri waliingia wanaume watatu wenye bunduki. Walikuwa wamelewa kidogo na wamechoka sana, wakajitupa vitini na matope yao. Niliganda mlangoni. Mama mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawasalimia kwa heshima, akawauliza kama wanakunywa maji. Halafu akamwangalia yule kijana aliyekuwa ameilaza bunduki juu ya mto. "Papa," akamwambia, na yule angeweza kuwa mwanawe, "ile kitu iko na mafuta. Itaniharibia kusen. Weka chini, pa sima." Kusen ni mto, na sima ni saruji. Kijana alimwangalia. Akaishusha bunduki taratibu, akailaza sakafuni, na akapangusa mto kwa kiganja chake. Wakanywa maji, wakauliza mwenye nyumba yuko wapi, akasema yuko safarini, anarudi. Wakaenda. Mama mdogo aliingia chumbani, akafunga mlango, na nilimsikia akitapika. Alipotoka aliniambia nilete limau, kuna doa.

Lakini wenye bunduki hawakuwa tishio kubwa kwetu. Tishio lilikuwa Papa Muhindo, kaka wa Papa Kambale, aliyekaa karibu na soko na kuja kila Jumapili baada ya misa. Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na nililisikia lote nikiwa jikoni nachambua maharage, dirisha likiwa wazi. Kabla ya safari, Papa Kambale aliandika karatasi kwa mkono wake, akatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, kwamba kiwanja na nyumba ni vya mke wake na watoto wake. Ilibaki mhuri wa ofisi ya serikali. Ofisi ilikuwa imefungwa, wafanyakazi wametawanyika, madirisha yameng'olewa. Bila mhuri ile ilikuwa barua tu. Papa Kambale akiwa hai, hakuna wa kutugusa, mwenye nyumba ni yeye na yuko safarini. Akiwa maiti, ukoo ungekaa kikao, na ukoo maana yake Papa Muhindo, na mama mdogo angerudishwa kwao na masufuria yake.

"Shemeji," Papa Muhindo alikuwa akisema kwa sauti ya huruma niliyoichukia, "miezi inapita. Ndugu yetu tutamulia lini? Batu banaanza kusema."

"Banasema nini?"

"Banasema siye hatuna heshima. Mutu amekufa, ndugu zake banakalia makusen."

"Nani amekufa? Ulimuona? Ulimuzika? Miye bwana yangu iko mu safari. Ongeza chai?"

Lazima nieleze kilio cha kwetu, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipotokea. Mtu akifa, mtu hakai kitini katika nyumba ile. Mito inavuliwa, viti vinapinduliwa au kutolewa, zulia linakunjwa, na wanawake wa nyumba wanakaa chini kwenye mikeka, vichwa wazi. Hakuna haja ya kupiga mbiu. Anayepita anaona barza imevuliwa, anajua, anaingia analia. Na kilio kikishaanza hakirudishwi. Kikianza, marehemu amekubaliwa kuwa marehemu, na kinachofuata ni mkutano wa ukoo. Ndiyo maana Papa Muhindo hakutaka nyumba moja kwa moja. Alitaka mikeka.

Ikaja mvua ya siku kumi. Upepo uliirusha mpaka ndani ya barza, na ingawa tuliingiza kila kitu, unyevu ulipenya. Sufi ikaanza kunuka kama kuku aliyelowa. Asubuhi ya kumi na moja jua likatoka kwa nguvu. Mama mdogo alikuwa ameenda sokoni kutafuta chumvi, na mimi, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza kazi, nikaamua kumfurahisha: akirudi akute kila kitu kimefuliwa. Nilivua mito yote kumi na miwili. Nililoweka kwenye beseni mito mizima, sufi na yote, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi, nikaikamua, nikaipanga kwenye majani. Nilitundika zulia uani. Nilipindua viti vyote sita, miguu juu, nipate kuisugua, pamoja na kile cha Papa Kambale. Nikatandika mkeka mbele ya barza, nikavua kitambaa cha kichwa kwa sababu ya joto, nikakaa chini kushona mto uliopasuka. Vumbi la sufi likaniingia machoni. Machozi yakawa yanatoka, nayafuta kwa mkono, yanazidi.

Sikufikiri hata kidogo. Mama Safi, jirani yetu, alitokea kwenye ua akiwa na ndoo ya maji. Aliangalia viti. Aliangalia mkeka. Aliniangalia mimi, kichwa wazi, macho mekundu. Ndoo ikaanguka, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi mji wa Irumu. "Papa Kambale oooh!" Na mimi, nikidhani yeye ndiye aliyeletewa habari, nikaanza kulia kweli.

Kabla ya saa moja kwisha uwanja ulijaa. Wanawake walikuja na kuni, na unga, na vitoto mgongoni, wakakaa chini wakanizunguka, wakanishika mabega. Nilipotambua kwamba walichokiona ni barza iliyovuliwa tu, kila niliyejaribu kumweleza alinikumbatia nisimalize. Kila mmoja alidhani mwingine ndiye aliyesikia habari kamili. Halafu akaja Papa Muhindo na wazee wawili wa ukoo na mikeka mitatu mipya chini ya kwapa, mikeka ambayo, niliwaza baadaye, haikununuliwa siku ile. Akaikunjua yeye mwenyewe mbele ya barza. Akakaa. Uso wake ulikuwa na huzuni, lakini macho yake yalikuwa yanapima mabati.

Nikamwona mama mdogo getini. Alikuwa na kikapu kichwani. Kelele zilipanda walipomwona, wanawake wawili wakainuka kumpokea kabla hajaanguka. Hakuanguka. Alisimama akatazama barza yake iliyovuliwa, kitu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayekagua chumba alichokabidhiwa. Macho yakanifikia. Nilijua nimemvunjia nyumba kwa mikono yangu na sabuni.

Akashusha kikapu. Akapita katikati ya watu, akapanda barza, akakamata kiti cha Papa Kambale na kukirudisha kwa miguu yake. Kisha cha pili, cha tatu, vyote sita, vikigonga saruji kimoja kimoja. Akashuka, akaokota mito kutoka kwenye majani, imelowa inatiririka, akaipanga vitini kila mmoja mahali pake. Akalivuta zulia kutoka uani, bichi, zito, akalitandaza. Halafu akageuka, akakaa kitini kwake. Maji yalitoka pembeni mwa mto yakashuka kwenye kitenge chake mpaka kwenye miguu. Akaweka mguu mmoja juu ya mwingine.

"Karibuni," akasema. "Mukae vizuri, jua imetoka. Kahindo, simama, vaa kitambaa, weka maji ya chai pa moto. Mama Safi, kuya, kaa."

Mama Safi alikuwa bado na kamasi. "Mama Leontina... tumekuya kulia..."

"Nani?"

"Papa..."

"Papa iko mu safari. Mutoto alikuwa anafua. Kwenu hamufuake?" Akapiga mto wa kiti cha pembeni yake kwa kiganja, maji yakaruka. "Mugeni hakalie chini kwangu. Kaa."

Nadhani Mama Safi ndiye mtu jasiri kuliko wote niliowahi kuwajua baada ya mama mdogo. Alipanda ngazi, akaangalia ule mto unaotiririka, akakaa. Tulisikia sauti yake ya kukaa. Akavuta pumzi kwa baridi. Mwanamke mwingine akacheka, akaziba mdomo, akapanda naye. Mmoja baada ya mwingine waliinuka kwenye mikeka, na viti viliposhindwa kutosha walikaa ukingoni mwa barza, wakajikunja kwenye zulia lenye maji, wote makalio yamelowa, wakapokea chai ya bila sukari kwa mikono miwili. Chini wakabaki Papa Muhindo na wazee wake. Wazee nao, baada ya kutazamana, wakaomba chai.

"Shemeji," mama mdogo akamwita kwa upole, "inuka. Utapata mafua."

Papa Muhindo alikunja mikeka yake mitatu. Ilimchukua muda, kwa sababu mikeka mipya haikubali kukunjika, na hakuna aliyemsaidia. Nilimfungulia geti mimi mwenyewe, na sijawahi kufungua geti kwa raha kama siku ile.

Mama mdogo hakunipiga wala kunitukana. Alisema tu kwamba anayetaka kufua mito anafua mmoja mmoja. Sufi iliganda mabonge, na kwa majuma mengi tulikaa jioni mapema, kabla giza halijaingia, tukiichambua kwa vidole na kuianika. Katika mikao hiyo nilimuuliza zaidi ya mara moja kama anadhani Papa atarudi. Kila mara alisema, geuza ule mto, au, hapo bado pana bonge. Nilichukua hilo kuwa imani kubwa isiyohitaji maneno, nami nikaiiga. Kiti cha mikono mipana nilikifuta mara mbili kwa siku. Mto wake niliugeuza kwa kufuata saa, ili siku atakayorudi akute ndege wa kitenge hawajafifia. Nilimwandalia maneno ya kumkaribisha. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa na hakika.

Vita havikwisha, lakini mjini palitulia kiasi, na ofisi ikafunguliwa, meza moja na mhuri mmoja. Mama mdogo alipanga mstari siku tatu. Siku ya tatu alirudi mchana, karatasi imefungwa ndani ya kitenge kiunoni, akanionyesha mhuri wa zambarau bado unang'aa. Nilipiga vigelegele. Yeye aliketi kidogo kitini, akavua viatu, akapitisha kiganja kwenye mkono wa kiti kama anatafuta vumbi. Halikuwepo.

"Kahindo," akasema, "vua makusen yote. Geuza viti."

"Tunafua?"

"Hapana. Vua kila kitu. Cha Papa pia."

Nilimwangalia nisielewe. Akaniambia, kwa sauti ileile ya kuagiza chumvi, kwamba mtu mmoja wa kutoka Fataki alikuja siku niliyokuwa nimeenda kuteka maji, akamweleza mahali na siku Papa Kambale alipofia, na kwamba yeye mwenyewe alimzika kwa mikono yake nyuma ya kanisa dogo, akamletea pete.

"Lini?"

"Ulikuwa umefika sasa tu. Mwezi wa pili tangu aende."

Nilihesabu asubuhi zangu. Nilihesabu zile chai za Jumapili, ule mto unaotiririka, yale maneno niliyoandaa. Hasira ilinipanda, na sitaiombea radhi hata leo. Nilimkasirikia mwaka mwingine mzima baada ya huo, na nimejiuliza mara nyingi kama mimi ningeweza kumwaga chai huku pete imefichwa kifuani.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelia. Weye uso yako haijue kufunga. Ungelia siku moja tu, Muhindo angekuya na mikeka."

"Na weye? Weye ulimulia lini?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hakuwa amepata nafasi ya kulifikiri.

"Bado," akasema.

Akainuka kitini. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka mezani. Akajishusha mpaka sakafuni, kwenye saruji tupu, kwa maana sikuwa nimepata muda wa kutandika mkeka, akanyoosha miguu, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu. Nilivua mito kumi na miwili. Nilipindua viti. Mikono yangu ilijua kazi yote, sikuhitaji kuona. Nilipofika kwenye kiti cha mwisho Mama Safi alikuwa tayari getini, amekuja mbio na unga mikononi, amesimama nje haingii, ananitazama mimi, anaogopa kukosea mara ya pili.

"Pita, mama," nikamwambia. "Leo ni siye benyewe tumesema."